Fahamu: Kreni ipi inafaa kuondolea mti mkubwa?

Masika yakilainisha ardhi, miti mikubwa huanza kuelemea mapaa na nyaya za umeme, na watu hutafuta kreni. Wengi huuliza, "Ni ya tani ngapi?" Jibu la swali hilo peke yake halitoshi.

Kreni ya tani 50 hubeba tani hizo mzigo ukiwa mita 3 hivi tu kutoka katikati yake. Mkono ukinyooshwa hadi mita 25, uwezo hubaki tani chache. Cha kusoma ni jedwali la uzito analokuwa nalo mwendeshaji.

Kisha upigiwe hesabu mti wenyewe. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 3 lina mita za ujazo 2.36, yaani uzito wa tani 2 hivi.

Penye uchochoro, lori lenye kreni ya mkono wa kukunja hupenya. Mti wa nyuma ya nyumba hudai mkono mrefu. Kreni hizi zote husimamia miguu ya pembeni, hivyo miguu hiyo itandikiwe mbao nene na iwekwe mbali na shimo la choo.

Nyaya zikiwa karibu, umeme ukatwe kwanza. Mwenye kreni akikataa kuonyesha jedwali, tafuta mwingine.