Franka zinazolala ku Banki Kuu na bei ya unga

Siku ya mushahara, kule Kolwezi na Likasi, mbele ya kufika nyumbani tunaulizana: dola leo iko ngapi? Juu unga wa bukari mara mingi unatoka Zambia, na wenye kuuingiza wanalipa na dola. Franka ikishuka, mufuko unapanda, hata kama mushahara haujasonga.

Wengi wetu tunafikiri franka zinatoka ku mashine ya kuchapa tu. Hapana, mabanki nayo yanaziongeza. Tuseme mwenzetu anaweka franka 100.000 ku banki. Kama Banki Kuu ya Congo inaomba akiba ya lazima ya 10 %, banki inalaza 10.000, inakopesha muchuuzi 90.000. Muchuuzi analipa mwenye mali, naye anapeleka zile 90.000 ku banki ingine. Pale 9.000 zinalala, 81.000 zinatoka tena. Zikizunguka vile mpaka mwisho, ile 100.000 ya kwanza inaweza kufika milioni 1 ku vitabu vya mabanki. Akiba ikiwekwa 20 %, haipiti 500.000.

Franka zikiwa mingi na mali haiongezeke, zote zinakimbilia dola na unga. Njo maana Banki Kuu inakaza kamba. Iko na kamba ingine: riba inayoomba mabanki. Mwezi wa munane 2023, wakati franka ilikuwa inashuka, iliipandisha kutoka 11 % mpaka 25 %.

Lakini kukaza kunauma. Mama anayeuza ku soko anakuta mukopo umekuwa bei kali, ao anaukosa kabisa. Na kamba haifike fasi yote: hapa kwetu sehemu kubwa ya makuta ya ku banki ni dola, na Banki Kuu haichapishe dola. Tena wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka 1994, bei zilipanda kupita 9.000 % ku mwaka moja. Haikukuwa juu ya mikopo ya wachuuzi. Serikali ilikuwa inachapisha zaire juu ya kulipa matumizi yake.

Basi, tukisikia Kinshasa wamepandisha akiba, tuulize maswali mbili. Serikali inatumia kupita yale inayoingiza? Na mushahara wetu unahesabiwa na dola ya siku gani: ya leo, ao ya mwezi uliopita? Ile ya pili tunaweza kuiuliza ku kazi, kupitia delege wetu wa sendika, mbele ya siku ya malipo.