Upikaji wa Pombe Nyumbani – Sehemu ya Tatu: Pipa na Hewa ya Chumbani

Juma lililopita tulimaliza habari za ndizi na kimea cha ulezi, mbege yetu tukaiacha ndani ya pipa ikichacha. Hatukuuliza pipa lenyewe limewekwa wapi.

Zamani swali hilo lisingekuwa na maana. Shangazi yangu kule Marangu alipikia kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa wazi pande mbili, migombani. Moshi ulitoka ulikotaka, na mtoto aliyesinzia kando ya pipa alikuwa kama amelala nje. Siku hizi mbege ya kipaimara au ya harusi hupikwa Moshi mjini, Arusha, hata Dar es Salaam, ndani ya stoo ya matofali yenye mlango wa chuma na dirisha ambalo halifunguliwi kwa kuogopa wezi. Ujuzi ni uleule wa shangazi, nyumba ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo leo nitasema habari za hewa kuliko kitu kingine chochote. Watu humhofia mnywaji, lakini mimi namhofia zaidi mpishi anayetandika mkeka pembeni ya pipa ili ailinde pombe yake usiku.

(Gongo haimo katika makala haya. Kuitengeneza kienyeji ni kosa la jinai, na mvuke wake hushika moto haraka. Ninasema pombe ya kuchachua tu.)

Mwaka 1767 mchungaji mmoja Mwingereza, Joseph Priestley, alihamia mji wa Leeds, akawa jirani na kiwanda cha pombe. Udadisi ulimpeleka kwenye mapipa. Akagundua kwamba juu ya povu pametanda hewa ya namna yake: kijiti kinachowaka kikishushwa humo huzimika papo hapo, na moshi wake, badala ya kupaa, huelea kisha humwagika ukingoni mwa pipa mithili ya maji. Akajaribu kumimina maji toka chombo hiki hadi kile juu ya mapipa hayo, yakawa na ladha ya kuchangamsha. Mwaka 1772 alichapisha maelezo ya kutengeneza maji ya aina hiyo, na soda tunazokunywa leo zina asili yake hapo. Hewa ile ni kaboni dayoksaidi, ambayo wengi tunaiita hewa ya ukaa. Uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana ilimwagika.

Sasa tupige hesabu. Chachu inapokula sukari huigawa karibu nusu kwa nusu: kilo moja ya sukari hutoa takribani nusu kilo ya kileo na nusu kilo ya hewa ya ukaa. Nusu kilo ya hewa ni nyingi, kwani hujaza zaidi ya lita 260. Chukua ndoo ya lita 20 yenye pombe ya asilimia 5. Mpaka itulie itakuwa imetoa lita 420 hivi za hewa hiyo, kwa siku kadhaa. Ndani ya chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, hiyo ni kama asilimia 2 hata kama hakuna tundu lolote, na mwanya mdogo tu unatosha kuiondoa. Lakini pipa la lita 200 katika chumba hichohicho hutoa lita 4,200. Isipopata pa kutokea, itachukua karibu sehemu moja ya sita ya chumba kizima. Mahali pa kazi, kiwango kinachokubalika kwa siku nzima ni nusu asilimia, na ikifika asilimia 4 mtu huhesabiwa kuwa hatarini mara moja.

Ndiyo maana mimi simkatazi mtu ndoo yake jikoni. Pipa ndilo linalohitaji chumba chake, kisicholala mtu. Toboa tundu la kutolea hewa chini kabisa, karibu na sakafu, liangalie nje wala si korido, na jingine juu upande wa pili. Yawekee wavu wa kuzuia panya. Siku mbili tatu za mwanzo, povu linapofura, acha mlango wazi kabla ya kuingia. Na usitumbukize kichwa ndani ya pipa lililomiminwa pombe juzi ili kusugua mashapo. Lilaze kwanza, limwagie maji. Wazee wengine hushusha mshumaa kupima. Kinga hiyo ni haba, maana mwanadamu huanza kudhurika kabla mwali haujazimika.

Hewa ya ukaa walau huonya, pumzi hukatika na kichwa hugonga. Jiko la mkaa halina adabu hiyo. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi huyaona ndiyo salama, huendelea kuitoa. Ndizi huchemka kwa saa nyingi, na hakuna dirisha ninaloweza kulipendekeza kwa kazi hiyo. Chemshia nje, kisha ingiza kilichopoa.

Gesi ya mtungi ni afadhali, ila nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni ikitafuta cheche, na tundu lako la chini litakufaa tena. Mwali ukigeuka wa njano, jiko limekosa hewa, lizime. Anayechemshia umeme akumbuke kwamba jiko la kilowati 3 huvuta ampea 13. Lisishirikiane waya na friji, na liwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, kwa sababu chumba cha pombe hakikosi sakafu yenye maji. Mvuke nao usipuuzwe. Sufuria kubwa hupoteza lita kadhaa kwa saa, zikagande darini na kudondoka zikiwa na masizi, na wewe utailaumu msesewe, lile gome la kuitia mbege ukali, kwa uchungu usio wake.

Pipa la mabati usilitumie hata kwa kuazima. Uchachu wa mbege hula zinki yake, na wageni watatapika kabla hawajalewa.

Limebaki dumu. Mbege haingoji kuiva ndipo ifungwe, husafirishwa ikiwa bado inafanya kazi, na dumu lililokazwa kifuniko huvimba tumbo hadi kupasuka. Legeza kifuniko nusu mzunguko. Na kama madumu kumi yanakwenda harusini kwa gari dogo, dereva ashushe vioo, hata kama barabara ina vumbi.