Mtumishi wa Shamba Aliyetunukiwa Nyota Sita

Mwaka 1933 kitabu cha Michelin, ambacho kampuni ya mipira ya magari ya Ufaransa ilikianzisha mwaka 1900 kwa ajili ya kuwaongoza wasafiri wenye magari, na ambacho baadaye kiligeuka kuwa kadhi wa kuogopwa na kila mwenye mkahawa, kilipitisha hukumu isiyopata kupitishwa kabla yake: mpishi mmoja mwenye mikahawa miwili alipewa nyota tatu kwa huu na nyota tatu kwa ule. Nyota tatu ndicho kikomo cha sifa katika kitabu hicho. Mpishi huyo alikuwa Eugénie Brazier, mwanamke wa mji wa Lyon, na ilipita miaka 65 kabla ya mpishi Alain Ducasse, mwaka 1998, kuifikia hesabu hiyo ya nyota sita.

Alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha La Tranclière, karibu na nchi ya Bresse inayosifika kwa kuku. Alipokuwa na umri wa miaka 10 mama yake alifariki, naye akapelekwa kutumika katika mashamba ya watu, akichunga mifugo, na shule akiipata wakati wa baridi tu, kazi zilipopungua. Alipotimia miaka 19 alizaa mtoto wa kiume, Gaston, bila ya kuwa na mume, na baba yake akamfukuza. Basi aliingia Lyon hana cheti wala akiba, akaajiriwa utumishi wa nyumba kwa ukoo wa Milliat, matajiri waliokuwa wakitengeneza tambi, na hatimaye akakabidhiwa jiko lao.

Katika Lyon ya zama hizo walikuwapo wanawake waliojulikana kwa jina la Mama, aghalabu waliokuwa wapishi katika majumba ya matajiri kisha wakafungua mikahawa yao wenyewe. Aliyevuma miongoni mwao ni Mama Fillioux, ambaye sifa yake ilisimama juu ya vyakula vichache mno, na cha kwanza ni kuku aliyepachikwa vipande vyembamba vya uyoga mweusi uotao chini ya ardhi, baina ya ngozi na nyama, kisha akatokoswa kwa moto wa taratibu mpaka harufu ya uyoga ikaenea nyama yote. Brazier alitumika katika jiko hilo, na chakula hicho kikawa baadaye fahari ya meza yake mwenyewe. Mimi sioni elimu imfaayo mpishi kuliko hii, ya kurudia chakula kile kile siku baada ya siku mbele ya mkubwa asiyeridhika upesi, kwa maana mkono hujifunza mambo ambayo ulimi wa mwalimu hauwezi kuyaeleza.

Mwaka 1921, kwa fedha alizodunduliza, alifungua mkahawa wake katika duka dogo la zamani la vyakula, namba 12 barabara ya Royale. Habari zikaenea, na Édouard Herriot, meya wa Lyon ambaye pia alipata kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, akawa mteja wake. Kazi ilimzidi nguvu hata akadhoofika, akaenda kupumzika mlimani, Col de la Luère, katika nyumba ya mbao isiyokuwa na gesi wala umeme. Lakini wateja walimfuata huko huko, na mahali pa mapumziko pakawa mkahawa wa pili.

Ustadi wake haukuwa wa madoido. Nguvu zake alizielekeza kwenye kuchagua bidhaa na kwenye usafi, mambo mawili yanayofanyika kabla ya moto kuwashwa, na ambayo mlaji hayaoni. Alikuwa mkali kwa wauzaji hata muuza kuku mmoja, yasimuliwa, alisema kwamba itambidi sasa awatengeneze kuku wake kucha kabla ya kumpelekea. Alijua alichokitaka, kwa kuwa alilelewa mashambani, na kuku mwema alimjua kabla ya kujua kusoma vema.

Wanagenzi wake nao aliwalea hivyo hivyo. Mwaka 1946 alimpokea huko Luère kijana aitwaye Paul Bocuse, ambaye kabla ya kuaminiwa vyungu alikama ng'ombe, akalima bustani ya mboga, akafua na kupiga pasi. Kijana huyo alipata nyota zake tatu mwaka 1965, akawa mpishi mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa katika zama zake. Lakini wanawake hawakupata bahati hiyo: mpishi Anne-Sophie Pic alipotunukiwa nyota tatu mwaka 2007, ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne bila ya mwanamke mwingine wa Ufaransa kufika hapo. Siamini hata kidogo kwamba ustadi wa wanawake uliadimika muda wote huo. Kilichoadimika ni mtaji, na insafu ya waamuzi.

Serikali ilipotaka kumvika nishani ya Légion d'honneur, Brazier aliikataa, akisema kwamba nishani hiyo yastahili mambo makubwa kuliko kupika vizuri. Naheshimu unyenyekevu wake, lakini katika hili sikubaliani naye, kwani aliyefikisha kazi ya mikono kwenye ukamilifu, naye alianza bila ya kitu chochote, ameitumikia nchi yake sawasawa na jemadari. Alifariki mwaka 1977, na mkahawa wa barabara ya Royale ungali ukiitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo nawasihi wenye mahoteli na wenye majumba: yule msichana asiye na cheti, anayemenya vitunguu na kuosha masufuria nyuma ya jiko, mwonjesheni mchuzi, mwelezeni sababu ya kila jambo, mlipeni haki yake, na siku wageni watakaposifu chakula alichokipika, mtajeni kwa jina.