Hakimiliki Mtandaoni (3): Jina la Mpiga Picha

Kumtaja aliyepiga picha ni jambo moja. Kupata ruhusa ya kuitumia ni jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki za aina mbili. Haki za kiuchumi zinahusu kunakili, kuuza na kusambaza kazi, na zinaweza kuuzwa au kurithiwa. Haki za kimaadili, zilizomo katika kifungu cha 32, hubaki kwa mtunzi hata akishauza zile za kwanza: haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Msingi wake ni Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993. Ulinzi huanza picha inapopigwa. Kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husaidia kwa ushahidi, ila si sharti.

Tofauti ya haki hizo huonekana kila panapofanyika ntheo, sherehe ya ndoa ya Wakamba, mahali kama Kangundo. Familia inapomwajiri mpiga picha kwa siku hiyo, kifungu cha 31 huihesabu hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa kama wamepatana vingine. Maharusi wanaweza basi kuziweka picha hizo Facebook bila kumwomba mtu. Mwenye kukodisha mahema akitaka moja ya picha hizo kutangazia biashara yake, ruhusa ataiomba kwa familia, lakini jina litakaloandikwa chini ya picha ni la mpiga picha. Mpiga picha huyohuyo akienda soko la Tala kwa hiari yake na kuwapiga wauza maembe, haki zote mbili ni zake.

Ukambani unajua kazi kusafiri bila jina. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kutoka kwake ikakua biashara ya vinyago iliyofika ng'ambo. Vingi viliuzwa kama vinyago vya Wakamba tu, mchongaji asijulikane. Kwenye mtandao jina hupotea haraka zaidi. Faili ya picha hubeba ndani yake saa iliyopigwa, aina ya kamera na, mpiga picha akiwa amelijaza, jina lake. WhatsApp huibana picha na kuzifuta taarifa hizo. Picha ikitumwa kama dokumenti, hubaki nazo. Anayepiga skrini shoti huchukua sura ya picha na kuacha taarifa zote za faili. Ikishapita makundi matatu ya ukoo na ya kanisa, hakuna anayejua ilikotoka, na anayeichapisha huandika "Picha: Hisani" au "Picha: Mtandao". Maneno hayo hayamtaji mtu yeyote.

Utajo kamili una mambo manne: jina la mpiga picha kama anavyolitumia mwenyewe, mahali picha ilipotolewa, leseni yake, na mabadiliko yaliyofanywa. Picha ya Wikimedia Commons yenye leseni ya CC BY 4.0 huruhusiwa kutumiwa hata kwa biashara, mradi mambo hayo yaandikwe na kiungo cha leseni kiwekwe. Jina lisipojulikana, Google Lens au TinEye huweza kuonyesha mahali pengine picha ilipowahi kuwekwa. Chimbuko lisipopatikana, ni salama zaidi kutafuta picha nyingine.

Sheria huruhusu kutumia kazi bila ruhusa kwa uhakiki au kuripoti habari za wakati huo, ikiwa matumizi ni ya haki na chanzo kimetajwa. Tangazo la duka haliingii humo, hata likiwa na jina la mpiga picha kwa herufi kubwa.

Wanaoonekana pichani nao wana haki zao, mbali na hakimiliki. Mwaka 2023, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kumtaja mpiga picha hakuchukui nafasi ya idhini hiyo.

Picha hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, kutegemea lililofuata. Mwenye haki akiiona picha yake imetumiwa vibaya, kwanza ahifadhi ushahidi: kiungo, tarehe, na faili yake ya awali. Kisha amwandikie aliyeiweka, akidai jina liwekwe au picha iondolewe. Asiposikizwa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu kumpelekea mtoa huduma wa intaneti ilani ya kuiondoa. Bodi ya Hakimiliki hupokea malalamiko, na mahakama inaweza kuamuru fidia.