Mwegea: Kivuli Chema, lakini si Dawa ya Uvimbe wa Titi

Mwezi huu tunazungumzia mti ambao wakazi wa Chanzuru na ukanda wote wa Kilosa hadi Mikumi wanaufahamu. Ni mwegea, ambao wengine huuita mvungunya. Maua yake mekundu yaliyoiva hufunguka usiku, na popo huyafuata kunywa maji yake matamu. Hao ndio wanaohamisha chavua, ndipo matunda marefu ya kijivu yanapatikana.

Tangu zamani wazee wetu wamelikausha tunda hilo, wakalisaga na kupaka unga wake kwenye vidonda na magonjwa ya ngozi. Huko Kenya, Wakikuyu hulitumia likiwa limekauka kuchachusha pombe ya asali iitwayo muratina. Lakini tunda bichi ni sumu na huharisha vikali. Watoto waonywe wasilile.

Sehemu mbalimbali za Afrika akina mama hulipaka pia kwenye titi lililovimba. Je, linaponya? Mwaka 1994 watafiti wa London walichapisha habari kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka mti huu ilidhuru chembe za saratani ya ngozi katika maabara. Habari hiyo isitudanganye. Chembe ndani ya chupa si mgonjwa, na hadi leo mwegea haujathibitishwa kutibu saratani ya binadamu.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, hivyo mama hupaka dawa mwezi baada ya mwezi akidhani anapata nafuu, kumbe ugonjwa unasambaa. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, ila anayeweza kutofautisha ni mganga wa hospitali baada ya vipimo.

Mama aende kituo cha afya bila kukawia akiona dalili hizi:
– uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani;
– chuchu kuingia ndani au kutoa damu;
– ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa;
– kidonda kisichopona.

Ikibidi, atapewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, matumaini ya kupona ni makubwa. Akina baba, msiwazuie wake zenu kwa ajili ya nauli au aibu. Wasindikizeni.

Na mwegea je? Tuupande. Huota kwa mbegu, hupenda kando ya mito, na kivuli chake ni kizuri. Ila tuuweke mbali na nyumba na mahali watoto wanapochezea, kwani tunda moja laweza kufikia kilo kadhaa, nalo huanguka bila kubisha hodi.