Ini la Babu Halijafika Chekechea

Babu wa miaka 84 ana ini ambalo, kwa wastani, halijatimiza miaka mitatu. Nilipokutana na habari hiyo nilidhani tarakimu zimepinduka. Nilikuwa natafuta jambo jingine: kama kweli seli shina ndizo huliotesha ini upya. Nikanaswa na umri.

Aliyeupima mwaka 2022 ni Olaf Bergmann wa Dresden, Ujerumani, pamoja na wenzake. Saa yao ni mabomu ya nyuklia. Majaribio ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalijaza hewa kaboni-14. Tangu mkataba wa 1963 ikawa inapungua mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta, ng'ombe wakala majani, sisi tukala vyote. Kila seli inapozaliwa, DNA yake hubeba kiwango cha kaboni kilichokuwepo wakati huo, kama mhuri wa posta. Kina Bergmann wakakusanya maini ya watu wa miaka 20 hadi 84, wakaisoma mihuri.

Uwe kijana wa miaka 20 au mzee wa 84, anasema Bergmann, ini lako ni la miaka mitatu kasoro. Ni yeye huyo aliyeupima moyo kwa saa hiyohiyo: kijana hubadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, mzee hata nusu hafiki. Ila ndani ya ini zimo seli zenye DNA maradufu, ambazo hudumu hadi miaka kumi, na huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Bergmann anahisi huenda zinatukinga na madhara ya DNA iliyoharibika. Huenda.

Na seli shina? Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson walikata theluthi mbili za ini la panya, nalo likarudia uzito wake upesi. Kiswahili humwita mwenye uchungu mkubwa aliyekatwa maini. Panya yule angetucheka. Kipande kilichokatwa hakikuota, kilichobaki ndicho kilichonenepa, na kazi ilikuwa ya seli za kawaida za ini, zikigawanyika. Zikilemewa kabisa, kwa panya, seli za mirija ya nyongo hugeuka kuwa seli za ini. Kwa binadamu, wataalamu bado wanavutana.

Mimi nimebaki nikimwaza mgonjwa wa homa ya ini B, aliyeishi nayo miaka ishirini, ini limejaa makovu. Saa ya Bergmann ikiwekwa pale, itasoma ngapi?