Machozi ya Mtu Mzima Mbele ya Katuni

Kila filamu ya katuni inapowatoa watu wazima machozi, huulizwa swali lile lile, nalo limekosewa tangu mwanzo: inakuwaje mtu mwenye akili zake timamu, mwenye ndoa, watoto na madeni, amlilie mtu aliyechorwa? Swali hilo hubeba dai ambalo muulizaji halitamki, yaani kwamba anayelia amedanganyika, na kwamba kwa dakika chache amesahau kuwa mbele yake hakuna mtu bali picha. Dai hilo ni potofu, limejibiwa mara nyingi kuliko linavyostahili, na katika mkoa wa Tanga lina historia ambayo ingefaa ijulikane kabla halijarudiwa tena.

Filamu mbili ndizo zinazolizua zaidi. Ya kwanza ni Up, iliyoongozwa na Pete Docter katika studio ya Pixar na kufungua Tamasha la Filamu la Cannes mwezi Mei 2009, ambayo karibu na mwanzo wake ina sehemu ya takriban dakika 4, isiyo na mazungumzo, inayoipitisha ndoa nzima ya Carl na Ellie kuanzia harusi hadi msiba huku muziki wa Michael Giacchino ukipungua kasi kadiri miaka inavyokwenda. Ya pili ni Ethel & Ernest ya mwaka 2016, ambayo Roger Mainwood aliiongoza kutokana na kitabu cha michoro cha Raymond Briggs kuhusu wazazi wake mwenyewe, muuza maziwa na mtumishi wa nyumbani wa jijini London, waliokutana mwaka 1928 na kufariki wote wawili mwaka 1971. Katika simulizi hizo mbili za ndoa hakuna fumanizi, hakuna mirathi inayogombewa, wala hakuna mchawi. Kuna watu wawili wanaopaka nyumba rangi, wanaokunywa chai, wanaobishana na kuzeeka pamoja.

Hoja ya kwamba wahusika wa katuni si watu, na hivyo hawastahili huruma, ilipimwa zamani kwa jaribio ambalo kila anayeishikilia angepaswa kulifahamu. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonesha watu filamu fupi ya uhuishaji, yaani michoro inayopigwa picha moja baada ya nyingine hadi ionekane inatembea, ambamo hapakuwa na kitu chochote ila pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na mstatili wenye upande unaofunguka kama mlango. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 34, nao waliombwa tu waandike walichokiona. Mmoja peke yake ndiye aliyeeleza maumbo yakisogea, na wengine wote wakaeleza viumbe hai, mbabe anayeonea, mnyonge anayejitetea na mwenziwe anayeogopa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani kwamba pembetatu ina mama. Akili ya binadamu huisoma nia ndani ya mwendo, na haingoji kwanza kuthibitishiwa kwamba kinachotembea kina damu. Ikiwa pembetatu inaweza kuonewa huruma, bibi aliyechorwa akishindwa kupanda kilima alichokipanda mbio ujanani hahitaji kutetewa mahakamani.

Ushahidi mwingine unapatikana sebuleni, bila maabara yoyote. Mtu aliyedanganyika hutenda kulingana na alichodanganywa, lakini hakuna mtazamaji wa Up anayeinuka kumwita daktari Ellie anapougua, wala anayetuma rambirambi kwa Carl. Zaidi ya hapo, wengi hulia vibaya zaidi wanapoitazama filamu mara ya pili, wakati wanajua kila kitakachotokea, na pengine machozi huanza harusini, kabla jambo lolote la huzuni halijaonekana. Kama chanzo cha machozi kingekuwa ni kudanganyika, kujua mwisho wa hadithi kungeyakausha. Badala yake kunayaongeza.

Pamoja na hayo yote dai hilo halifi, na sababu mojawapo ni kwamba liliwahi kuwa msingi wa sera. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, ng'ambo ya bonde la Lwengera mtu akitazama kutoka Amani, palikuwa makao ya mradi wa kutengeneza filamu uliojulikana kama Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mradi huo uliendeshwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, ukatengeneza filamu fupi kuhusu safura, kodi, zao la chai, benki ya posta na mengineyo, kisha ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Swali lililokuwa nyuma ya kazi yote lilikuwa ni filamu ya namna gani inamfaa Mwafrika, kana kwamba Mwafrika ana macho ya aina yake. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya nchini Nigeria, naye akasimamia kanuni zilizotokana na imani hiyo: picha ziende polepole, kamera isitumie hila, hadithi isiruke wakati, na kila tendo lioneshwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mtazamaji asiyesoma eti angechanganyikiwa.

Kisa kilichotumiwa kuthibitisha hayo kingali kikisimuliwa na wasomi ambao wangepaswa kuwa waangalifu zaidi. Inasemekana wanakijiji walioneshwa filamu ya malaria ambamo mbu alikuzwa hadi akajaa kwenye kiambaza chote, na ilipokwisha mzee mmoja akasema kwamba kwao hakuna hatari, maana mbu wakubwa kiasi kile hawapo. Kisa hiki kinastahili kuvunjwa kipande kwa kipande. Kwanza, kimesimuliwa kuhusu nchi mbalimbali, mdudu akibadilika, mara mbu, mara nzi, mara chawa, na kisa kinachohama namna hiyo pamoja na mzee wake kina dalili zote za ngano za maofisa. Pili, kinadhani kwamba mwanakijiji hajui kitu kukuzwa, ilhali huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902 na ambako utafiti wa malaria ulihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenyeji wa Amani na Muheza waliajiriwa kwa miaka mingi kukamata mbu usiku, kuwapasua na kuwachunguza kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu visivyoonekana vizuri kwa jicho tupu. Mtu anayeshinda kutwa akitazama tumbo la mbu likijaa kwenye kioo cha hadubini hatishwi jioni na mbu wa kwenye kiambaza.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kisa hicho kinadhani kwamba mzee alikuwa akisema kweli. Yeyote aliyelelewa miongoni mwa Wabondei, Wasambaa, Wazigua au Wadigo anaujua utani, na anajua kwamba ofisa aliyekuja na lori, jenereta na mahubiri ya kufukia madimbwi ni mtu anayestahili kujibiwa kwa uso mkavu kwamba mbu wake ni wakubwa mno. Wenyeji walicheka, ofisa akaandika ripoti, na dhihaka yao ikaingia vitabuni kama upungufu wa akili. Ni dhuluma iliyokaa muda mrefu kupita kiasi, na kila anayemwuliza leo mtu mzima kwa nini anaililia katuni anaurithi mtazamo ule ule, kwamba anayeguswa na picha hajaielewa picha.

Watazamaji wenyewe walikwisha kuyakanusha hayo katika majumba ya sinema ya Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ziliwaliza watu wasiojua neno la Kihindi, na ambao walifuatilia hadithi zinazoruka miaka na zinazokatizwa na nyimbo bila kupotea njia. Kanuni za Sellers zingeipiga marufuku ile sehemu ya Up, kwa kuwa ndani ya dakika 4 inaruka maisha mazima, na mtoto wa Muheza anayeitazama katika simu ya dada yake hahitaji ufafanuzi.

Kinachowaliza watu kinapaswa kutafutwa ndani ya ufundi wenyewe. Wachoraji wa Up walimfanya Carl awe wa miraba, kichwa, miwani na kiti chake vyote vikiwa na pembe, na Ellie akawa wa mviringo, ili kiti kitupu kibaki kikionesha umbo la aliyekikalia. Halafu wakachagua vitu vichache na kuvirudia. Tai ya Carl hufungwa na Ellie siku baada ya siku, tai zikibadilika na mikono ikizeeka. Wana pia mtungi wa kioo, ambao mtu wa pwani atautambua mara moja kuwa ni kibubu, wanamotia sarafu za safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Amerika ya Kusini; tairi la gari linapasuka na kibubu kinavunjwa, Carl anavunjika mguu na kibubu kinavunjwa, mti unaangukia paa na kibubu kinavunjwa tena. Hakuna siku ambayo wawili hao waliamua kutokwenda. Wanaosema kwamba kinacholiza katika sehemu hiyo ni kifo cha Ellie hawajaitazama vizuri, kwani kifo kinafika wakati machozi yamekwisha kuanza. Kinacholiza ni safari iliyoahirishwa kwa sababu ambazo kila moja ilikuwa ya haki, jambo ambalo wanandoa hawawezi kuliona wakiwa ndani ya maisha, kwa kuwa wao huyaishi siku moja moja. Ndiyo maana aliyewahi kuvunja kibubu cha kujengea nyumba ili alipe ada au matibabu hulia bila kukosea hata kidogo: anaijua hesabu hiyo.

Ethel & Ernest hufika mahali hapo hapo kwa njia ya taratibu zaidi. Mume ni wa chama cha Labour, mke hataki kuitwa mtu wa tabaka la wafanyakazi, nao wanabishana juu ya magazeti na chai kwa miaka 40, hadi siku ambayo Ethel, akiwa hospitalini na kumbukumbu zimemtoka, anamwuliza mwanawe yule mzee aliyeondoka ni nani. Mchoro wa mkono unaoacha nyuso bila makunyanzi mengi unampa mtazamaji nafasi ya kuuweka hapo uso anaoujua.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji. Filamu hizi si dawa ya ndoa, na anayemshauri mume mgomvi azitazame ili arekebike anampotezea mkewe muda. Ugomvi una wazee, washenga, viongozi wa dini na ustawi wa jamii. Machozi hayatoi sumu mwilini, kama inavyohubiriwa, na nafuu yake haiji papo hapo: katika utafiti wa watu 60 uliochapishwa mwaka 2015, waliolia mbele ya filamu walikuwa na hali mbaya zaidi mara tu ilipokwisha, wakarudi katika hali yao ya kawaida baada ya dakika 20, na baada ya dakika 90 wakawa wenye hali bora kuliko kabla ya filamu, kwa hiyo mazungumzo mazito ya mume na mke yangoje kidogo. Mjane aliye katika eda, na mwanamume aliyefiwa karibuni, wasioneshwe filamu hizi kwa nia ya kuwatoa machozi. Wakizitaka wenyewe, atazame nao mtu wa karibu. Watoto waangalie Up pamoja na mkubwa atakayewajibu kuhusu kifo kwa maneno ya kweli. Wenye mabanda ya video wanaotumia watafsiri, kwa desturi iliyompa mtafsiri Lufufu umaarufu Dar es Salaam, wasiijaze kwa maelezo sehemu isiyo na mazungumzo, kwa sababu haikuachwa wazi kwa bahati mbaya. Na ambaye huzuni yake haihusiani tena na filamu, anayekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa mfululizo, aende kituo cha afya aelekezwe. Katika mkoa wa Tanga ipo Hospitali ya Lutindi wilayani Korogwe, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani, na wanaofika mapema hutibiwa kwa urahisi zaidi kuliko wanaoletwa wakiwa wamezidiwa.